Vumbi la Mbarika

4 Machi

Kwa shemeji yangu, Fundi Mdogo,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa chini na mikono umeshanawa, maana nakujua, utaijaza alama za oili kila kona. Sisi huku hatujambo. Binti yangu bado anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, nami nimepewa kazi ya vifungo na pindo. Mjukuu ameng'oka meno ya mbele, sasa tunamwita Kibogoyo. Anakasirika, halafu anacheka, na akicheka ndiyo jina linazidi kumkaa. Anataka kujua kama babu yake naye aliwahi kuwa kibogoyo. Nimemwambia hapana, ila alikuwa na jino moja alilolivunja akifungua kifuniko cha dumu kwa meno, na kwamba hiyo ndiyo sababu watu wazima hununua bisibisi.

Mama watoto hajambo? Mwambie kitambaa cha mapazia nimekipata.

Simu ninayo, lakini kwenye simu tunaulizana hali tu, halafu kila mtu ananyamaza. Kwenye karatasi angalau nakaa nawe kidogo.

Shemeji, tulipomzika mume wangu uliniomba kitu cha kaka yako, nikakwambia ngoja kwanza. Nimengoja vya kutosha. Nakutumia kwa basi lile koti lake la buluu la karakana, lenye mfuko uliochanika kwa ajili ya ile penseli yake nene. Sijalifua. Nililikunja jioni ile ile tuliyorudi kutoka makaburini na kulitia kwenye mfuko wa nailoni, na mara moja moja nilikuwa nafungua mfuko kidogo, nanusa, nafunga. Ni harufu ya mbarika, ya moshi wa injini, na yeye mwenyewe. Nawe usilifue. Ukilifua litakuwa koti kama makoti mengine.

Mimi nitabaki na miwani yake. Nakuambia ukweli, bado sijazoea. Mtu akikohoa barabarani nageuka kabla sijajua nageukia nini.

Kazi inakwendaje? Sitaki ife kwa sababu yeye amekufa.

Shemeji yako.


30 Machi

Kwa shemeji yangu mpenzi,

Nimekaa, nimenawa, na alama hiyo unayoiona pembeni ni chai. Koti limefika. Mama watoto alipofungua mfuko alisema, "Kaka yupo humu ndani." Nami nililivaa hapo hapo, likanibana mabegani. Mvua zimeanza na nyumba ni baridi, basi kila nikitoka kazini nalivaa, na nikienda kulala nalitundika kwenye kiti karibu na kichwa. Usicheke.

Watoto wanasoma. Yule mkubwa anasema hataki kuwa fundi, anataka kuwa mtu wa kuagiza mafundi. Nimemwombea heri.

Sasa sikiliza. Wale watu wa idara ya maji wamekuja! Kaka aliwaandikia mpaka akachoka, na wamekuja yeye hayupo. Shida yao ni zile pampu za chemchemi. Injini zimekaa juu ya maji kabisa, na oili ya dukani ikidondoka inakwenda moja kwa moja kwenye maji ya kunywa. Ilibidi niwaeleze kuanzia mwanzo, kama kaka alivyokuwa akieleza, kwamba sisi tunakoboa mbegu za mbarika, zile za mafuta ya nyonyo, tunakamua, tunachuja, tunachemsha, tunatia dawa zetu za kuzuia isigande, na mwisho wake ni oili ya injini inayotoka shambani, ambayo ikidondoka majini inaoza kama jani. Mkubwa wao akachovya kidole, akasugua, akasema, "Inateleza kuliko ile ya kwetu." Nikamwambia, "Ndiyo kazi yake, mzee, kuteleza."

Basi wamekubali kuijaribu kiangazi chote. Injini zikimaliza msimu bila kuharibika, pampu zote zitatumia oili yetu. Hii ndiyo ndoto yake, shemeji. Nimetia tone kwenye chuma cha moto kama alivyonifundisha, kuona kama litaungua na kuacha utando mweusi. Liliacha kidogo tu, rangi ya asali. Angefurahi.

Mashine ya kukoboa inafanya kazi mchana kutwa na karakana yote imekuwa nyeupe kwa vumbi, mpaka nyusi zangu. Mama watoto ananiita babu. Mafua yamenishika kidogo, ni mvua hizi.

Shemeji yako, Fundi.


19 Aprili

Kwa Fundi Mdogo,

Tumefurahi sana kwa habari ya pampu. Nilimsomea binti yangu akiwa kwenye cherehani, akasimamisha mguu mpaka nikamaliza. Kibogoyo amepata jino moja jipya, limetokeza pembeni, kwa hiyo jina tumemwachia bado.

Nimefurahi pia kwamba koti linakuliwaza.

Shemeji, nina maswali madogo, usinichoke. Hayo mafua, yanaanza ukifungua gunia jipya, au yapo tu? Macho yanawasha? Ukipumzika siku ya mapumziko yanapungua? Nakuuliza tu. Kaka yako naye alikuwa akipiga chafya kila tukifungua gunia. Alikuwa akisema, "Mteja huyo, anakuja." Tulizoea kucheka. Siku nyingine alipiga chafya mpaka machozi yakamtoka, nikamwambia wateja wote hao tutawakalisha wapi?

Huwa unafunga kitambaa puani? Jifunge. Na dirisha la nyuma lile lililopigiwa misumari, lifungue.

Nijibu mapema.

Shemeji yako.


15 Juni

Kwa shemeji yangu,

Samahani kwa kuchelewa. Ulinipigia simu, nimeambiwa. Nilikuwa na kazi. Maswali yako nimeyasoma, umekuwa kama daktari wa shule, bado tu kunipima chawa. Dirisha nimefungua. Mama watoto hajambo na mapazia yamependeza.

Ngoja nikuchekeshe. Injini ya pampu ya kwanza ilikuwa inakwenda vizuri, baridi kabisa. Siku moja naitwa, inalia kama mbuzi. Nafungua, naona oili imejitenga, juu nyeusi, chini ya njano, na matope katikati. Nikamwuliza mwangalizi wa pampu, "Bwana mkubwa, umetia nini humu?" Akasema, "Ilipungua kidogo, nikaongeza ile ya dukani. Oili ni oili, fundi." Nikamwambia, "Na shemeji ni mke?" Alicheka mpaka akakaa chini, lakini ameelewa. Mafuta ya mbarika hayataki kuchanganywa na yale ya dukani, kaka aliliandika hilo ukutani kwa chaki na bado lipo.

Injini haikufa, lakini ilibidi kumwaga yote, kuosha, na kutengeneza oili mpya haraka kabla hawajakata tamaa. Kwa hiyo tumefungua magunia yote yaliyokuwa stoo. Ndiyo maana nimechelewa kukuandikia.

Mimi sijambo. Mgongo tu unanisumbua, nikilala chali unakataa, kwa hiyo siku hizi nalala nimekaa kwenye kiti. Nimezoea, koti liko nyuma yangu linanipa joto. Kifua kinabana kidogo, lakini nataka nikutoe wasiwasi, maana nadhani najua unawaza nini. Si mbarika. Nimejichunguza. Kama ingekuwa mbarika ningebanwa karakana na kupona nyumbani. Mimi nabanwa zaidi nyumbani, hata siku ya mapumziko niliposhinda ndani bila kugusa gunia. Kwa hiyo ni baridi ya nyumba hii.

Usihangaike.

Fundi.


24 Juni

Shemeji,

Barua yako imefika leo na sijala. Salamu utanisamehe.

Kaka yako naye alilala kwenye kiti. Naye alisema ni mgongo. Nilimshonea mto wa kuweka nyuma, nikamwekea na kigoda cha miguu, nikaona nimemsaidia. Haukuwa mgongo, shemeji. Mtu ambaye pumzi haimtoshi hawezi kulala chali, na mtu mwenye aibu hawezi kusema pumzi haimtoshi. Nyinyi wawili mmezaliwa na mama mmoja.

Watu wote mliambiwa ni homa ya mapafu, nami nilisema hivyo hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa. Siku yenyewe sijamsimulia mtu. Nakusimulia wewe, mara moja tu.

Ilikuwa mchana, baada ya kula. Nilimpelekea maji karakana. Alikuwa ameinama anafungua gunia jipya, anakata uzi kwa kisu chake. Akalimimina kwenye mashine na vumbi likapanda. Akapiga chafya, akaniangalia ili niseme habari ya wateja. Nikasema. Akacheka, na kile kicheko hakikwisha vizuri, kiligeuka filimbi. Akashika ukingo wa mashine. Kucha zikawa rangi ya jivu. Aliniambia, "Fungua mlango," na mlango ulikuwa wazi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Si maneno ya kuchonga kwenye jiwe, ndiyo maana sikumwambia mtu.

Hospitali muuguzi aliniuliza anafanya kazi gani. Nikasema anatengeneza oili. Akaandika oili. Hakuna aliyeuliza habari ya mbegu, nami sikujua kama inafaa kusemwa. Mpaka niliposoma barua yako ya Machi, nyusi zako nyeupe na mafua yako. Tangu hapo ninaogopa na nimekuwa nikikuandikia kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyolowa.

Sasa nimesoma kwamba unabanwa zaidi nyumbani. Nimekaa na sentensi hiyo mpaka nikaielewa. Shemeji, vua koti. Lile koti ni gunia. Alilivaa siku ile, na siku zote kabla ya hapo, vumbi limejaa kwenye mishono. Nililifunga kwenye nailoni lisipoteze harufu, nikakuambia usilifue, nawe umelitundika karibu na pua. Litoe nje. Lichome. Usinionee huruma, mimi nina miwani.

Nenda hospitali, usiseme oili. Sema mbegu, sema vumbi. Na mashine ya kukoboa uizime leo hii. Pampu zisubiri, maji yaliyokuwa yanatiririka kabla hatujazaliwa hayatakauka kwa sababu yako.

Natuma barua hii kwa dereva wa basi mwenyewe, mkononi. Simu yako haipokelewi.

Mimi.


11 Julai

Dada,

Si yeye anayeandika, ni mimi mama watoto. Yuko hai. Naanza na hilo ili usome mengine umekaa.

Barua yako ilifika, akaisoma akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Shemeji ana huzuni, huzuni inamtafutia sababu." Lakini aliguswa, kwa sababu alilivua koti. Halafu akasema hatakichoma kitu cha kaka yake, atalifua tu na yaishe. Nikamwambia niachie mimi nifue. Akasema hapana, hili nafua mwenyewe. Akalipeleka uani, na kabla ya kulitia kwenye beseni akalikung'uta, kama mtu yeyote anavyokung'uta nguo. Alilikung'uta kwa nguvu, dada, akilipiga kwenye ukuta. Nilikuwa naanika shuka. Niliona lile vumbi kwenye jua, jepesi kama unga. Nikasikia anavuta pumzi na pumzi haiingii.

Jirani mwenye pikipiki ndiye aliyetusaidia. Nilikaa nyuma nimemshika katikati yetu, kichwa chake begani kwangu, na sikusikia kitu ila ile filimbi. Nilipoacha kuisikia ndipo nilipoogopa zaidi.

Mlangoni kwa daktari niliwaambia mbegu, vumbi, kama ulivyoandika. Nilisema kwa sauti mpaka watu wakageuka. Daktari akasema ni pumu ya vumbi la mbarika, mwili wake umeshalikataa kabisa, na kila mara itakuwa mbaya kuliko ile iliyotangulia. Wamempa hewa na sindano na dawa ya kuvuta kwa mdomo. Amelala. Akiamka anataka kuzungumza habari za pampu, namwambia anyamaze.

Hajakubali kuacha kazi. Hilo ndilo linalonitisha, dada. Anasema akipona atafunga kitambaa kizito. Mwandikie. Mimi ananiona mke, ananijibu kwa mzaha. Wewe anakuogopa.

Mdogo wako.


20 Julai

Kwa Fundi Mdogo,

Mama watoto amesema unaniogopa. Vizuri, niogope.

Hapa hatujambo. Siwezi kuandika zaidi ya hapo, kila nikishika sindano najichoma.

Najua kwa nini hutaki kuacha. Unadhani ukizima mashine ile utakuwa umemzika mara ya pili. Mimi nilimjua kaka yako kuliko wewe, nilifua nguo zake. Aliyekuwa akimpenda ni mtoto wa mama yake aliyekuwa akimfuata karakana na kumwibia spana. Oili alikuwa anaitengeneza ili watu wasinywe sumu. Sasa wewe unataka maji yawe salama na nyumba yako iwe na mjane. Hesabu ya wapi hiyo?

Kitambaa nilikwisha kumshonea kaka yako, chenye matabaka. Kilikuwa usoni mwake siku ile.

Sikuombi tena. Niandikie neno moja tu, ndiyo au hapana, kama umeizima.

Shemeji yako.


2 Oktoba

Kwa shemeji yangu,

Ndiyo.

Najua nimekuweka sana. Neno lenyewe ni fupi lakini sikutaka kuliandika kabla halijawa kweli, maana mwezi wa nane ningekudanganya. Nilitoka hospitali, nikakaa nyumbani siku chache, halafu nikaenda karakana kuchungulia tu. Sikuingia. Nilifika kwenye kona ya muuza misumari, upepo ukavuma kutoka dirisha la nyuma, lile nililolifungua kwa maneno yako, na kifua kikajua kabla yangu. Nilikaa kwenye ngazi ya duka nikivuta dawa, muuza misumari ananipepea kwa gazeti na kuniuliza ninadaiwa na nani mpaka nimekimbia hivyo. Sikuwa nimekimbia, shemeji. Nilikuwa natembea polepole. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Si kule hospitali, kule nilikuwa sina hata nafasi ya kuogopa.

Nilikwenda kwa watu wa maji nikawaeleza yote, kwamba oili haina ubaya, ubaya uko kwenye vumbi la mbegu, na vumbi limemuua kaka yangu na lilitaka kunimaliza mimi. Nilidhani watanifukuza. Yule mkubwa wao aliniuliza, "Na wale vijana wako wawili wa kukoboa?" Mmoja wao anapiga chafya. Nilikuwa namcheka.

Basi karakana imefungwa. Mashine ya kukoboa mtu mmoja alitaka kuinunua, ana mke mjamzito, alikuja naye. Sikumuuzia. Nimeagiza fundi mwingine aing'oe meno yote na ubao wake wa juu, imekuwa chuma chakavu. Hakufurahi, aliniita mchoyo. Mafuta sasa yanatoka kwenye kiwanda cha mbali ambako mbegu zinakobolewa ndani ya mashine iliyofunikwa na vumbi linavutwa nje kwa bomba. Nilimtuma kijana wangu anayepiga chafya akatazame, nikamwambia kama ukipiga hata moja, tunatafuta kwingine. Alirudi akasema hakupiga. Yanatufikia kwenye mapipa, yamechujwa, safi. Daktari amesema hayo naweza kuyagusa. Nayachemsha uani kwetu, natia dawa zetu, nayapima kwenye chuma cha moto. Msimu umekwisha, injini zimefunguliwa, na vyuma vya ndani vinang'aa. Pampu zote zimekubaliwa. Nilisimama pale kwenye chemchemi nikatazama tone linadondoka majini, likasambaa, likaenda zake. Nilitaka kulia na daktari amenikataza kulia, kunanibana.

Koti lilichomwa na mama watoto, mbali, mimi nikiwa kwa jirani. Sikubakiwa na kitu chake cha kushika. Kila alichogusa kina vumbi. Watoto wakinikumbatia wakitoka kucheza, nashtuka kwanza, nanusa nywele zao kabla sijawakumbatia. Hili silizoei. Nikisikia chafya yangu mwenyewe, nyumba nzima inanyamaza na kusubiri.

Msalimie binti, na Kibogoyo, kama bado anastahili jina.

Mama watoto ameniambia kwamba katika barua zako kwake siku hizi ukimwombea kaka na mimi unatutaja pamoja, kwa pumzi moja. Najua si kwa ubaya, tunafanana, na wote wawili tulilala kwenye kiti. Lakini nina ombi. Yeye mtaje na wale waliotangulia. Mimi unikumbuke na walio hai.

Shemeji yako.